Mayasa na Bastola Iliyosingiziwa Tanga

Mayasa Nassir hajawahi kufyatua risasi maishani mwake na hana mpango huo. Mpe bunduki mpya, atakurudishia kwa vidole viwili kama aliyekabidhiwa panya mfu. Lakini mwekee mezani bastola ya kijeshi ya miaka mia na ushee, yale madubwana yenye silinda inayozunguka katikati, iliyokwisha kupita mikononi mwa maofisa wawili, mlevi mmoja na mjane aliyeificha kwenye debe la unga, uone mambo. Atavuta kiti, atachomeka kioo cha fundi saa kwenye jicho la kulia, na kwa nusu saa inayofuata hata ukimwambia nyumba yake inaungua atakuuliza kama moto umefika jikoni.

"Silaha ikistaafu ndiyo inapata adabu," husema. "Kama wanaume."

Alizaliwa Tanga, Ngamiani, binti wa fundi saa. Mzee Nassir hakumwachia binti yake nyumba wala shamba, alimwachia jicho. Alimfundisha kwamba saa haisemi uongo, anayesema uongo ni yule aliyeifungua kabla yako, na mahali pa kumkamatia ni kwenye vichwa vya skrubu. Fundi mwenye haraka hutumia bisibisi isiyotosha, ikateleza, ikachubua. Fundi mwizi huweka skrubu mpya mahali pa ile ya zamani akidhani hakuna atakayehangaika na kitu kidogo kama punje ya mchele. Akiwa na miaka kumi na miwili Mayasa alikuwa akimwambia mteja, mbele ya baba yake, "Saa yako ilifunguliwa na mtu mlevi," na mteja anakiri kwamba ndiyo, ni shemeji.

Akaolewa na Vusumuzi, mpigania uhuru wa Afrika Kusini aliyekuwa uhamishoni Morogoro, mwanamume wa nyimbo nyingi na suruali mbili. Uhuru ulipokaribia wakaja wote Johannesburg. Vusumuzi alifariki mwaka 2009, jina lake bado likiwa kwenye orodha ya wanaosubiri nyumba ya serikali, na kwa jinsi orodha zile zinavyokwenda, jina lipo mpaka leo, linasubiri kwa uvumilivu kuliko mwenyewe. Mayasa akabaki na binti yao, Bushra, na flati ya vyumba viwili Berea, ghorofa ya saba, kwenye jengo ambalo lifti yake ilitangulia mbele ya haki kabla ya marehemu. Siku za kazi alikuwa na meza ya kutengenezea saa Doornfontein, karibu na chuo, kati ya mshona viatu na muuza chaja. Sasa, ukitengeneza saa mlangoni mwa wanafunzi elfu kumi ambao kila mmoja anaangalia muda kwenye simu, utakula saa zenyewe. Ndiyo maana Jumamosi alikuwa akienda kupiga deki ukumbi mmoja wa wazungu, Kensington.

Zamani wazee walibingirishia matufe kwenye nyasi za ukumbi ule. Siku hizi, Jumamosi ya kwanza ya mwezi, hukutana hapo chama cha wakusanyaji wa silaha kongwe. Ni wanaume thelathini hivi, kaptula za kaki, soksi hadi magotini, vitambi vyenye heshima zake. Kila mmoja ana vibali vyake vya polisi kwenye bahasha ya plastiki na ana vita vyake anavyovipenda, na huvizungumzia kama mtu aliyekuwepo, ingawa wengi wao mlango ukigongwa kwa nguvu humtuma mke akaangalie. Wana meza moja ndefu yenye kitambaa cha kijani. Bastola hupita mkono kwa mkono. Anayeipokea hufungua silinda, humwonyesha jirani yake kwamba matundu ni matupu, ndipo huitazama. Mwisho wa meza viko viti vitano vya migongo mirefu. Hapo hukaa wathamini. Hao ndio husema hii ni ya kweli, hii imeungwaungwa, hii inastahili mnada, hii ifukuzie paka. Hati ya chama haina nguvu mpaka iwe na sahihi zote tano.

Mayasa aliingia ukumbini humo akiwa na ndoo. Siku moja mzee aitwaye Pumphrey alikuwa akiisifia bastola yake ya ofisa wa Kiingereza, ya vita vya Makaburu, kila kitu asilia, hakuna mkono ulioigusa tangu itoke kiwandani. Mayasa akapita nyuma yake na dekio.

"Hiyo skrubu si ya hapo," akasema.

"Unasemaje?"

"Hiyo ya pembeni. Wenzake wana miaka mia. Yenyewe ina kama saba."

Wanaume wakacheka. Mmoja akatoa kioo cha kukuzia, kwa utani. Akaangalia. Kicheko kikamtoka usoni taratibu kama maji yanavyotoka kwenye sinki lililoziba. Pumphrey hakumsemesha Mayasa kwa mwaka mzima. Halafu akaja jikoni, akajifanya anatafuta sukari, na kwenye mfuko wa koti alikuwa na bastola nyingine.

Ikaenda hivyo miaka kumi na moja. Wathamini walimfuata jikoni mmoja mmoja, wakamwonyesha, wakamsikiliza, kisha wakarudi kwenye viti vyao na kutangaza kwa sauti nzito, "Kwa maoni yangu, waungwana, silinda hii si ya mtutu huu." Mayasa akiwa na kitambaa cha vyombo mkononi aliyasikia maoni yake yakipita ukumbini yamevaa soksi ndefu. Akalipa ada, akawa mwanachama. Hakuna kanuni iliyomkataza, kwa kuwa waandishi wa kanuni hawakuwahi kuota jambo kama hilo. Lakini kiti hakupewa. Na kiti kile hakikuwa na mshahara wala posho. Alichokitaka Mayasa ni kitu kimoja tu: neno lake liandikwe kwa jina lake.

Februari mwaka huu mthamini mmoja akafariki, Mungu amrehemu, akigeuza nyama kwenye jiko la mkaa. Mwenyekiti, Gerhardus Lombaard, wakili mstaafu mwenye sauti ya redio, akasimama mwenyewe na kupendekeza jina la Mayasa. Mikono ikapanda. Mayasa alikuwa na miaka sitini na tatu. Alipotoka getini alimkuta Firmin, mlinzi wa ukumbi, Mkongo wa Lubumbashi.

"Firmin, kuanzia leo nakalia kiti."

"Eh! Félicitations, Mama, hongera. Na kupiga deki, nani sasa?"

"Wao."

Siku hiyo alipanda ghorofa zote saba bila kupumzika hata ngazini.

Furaha ile ilidumu wiki tatu. Alhamisi moja Lombaard akamwita ukumbini peke yake na kuweka sanduku la mninga mezani. Ndani yake, juu ya kitambaa chekundu, ililala bastola ya jeshi la Kijerumani, muundo wa mwaka 1883, nzito, ya rangi ya kahawia iliyoiva. Ubavuni ilichongwa maneno ya Kiingereza yenye mikia na madoido: Ilitekwa Tanga, Novemba 1914. Chini yake, jina la Kapteni Lombaard.

"Unaona?" mwenyekiti akasema, macho yakimeremeta. "Tanga. Kwenu!"

"Kwetu," Mayasa akakubali.

"Babu yangu aliitoa mkononi mwa ofisa wa Kijerumani. Mnada wa Ulaya unaisubiri. Nataka hati yenye sahihi tano, na ya tano iwe ya mtu aliyezaliwa Tanga hasa. Hebu fikiria watakavyoipenda! Itauzwa bei ya nyumba yenye bwawa la kuogelea."

Hapo ndipo Mayasa alipojua kiti chake kimechongwa kwa mti gani. Alivuta taa, akachomeka kioo jichoni, akatoa bisibisi zake za saa.

Wajerumani wa enzi zile walikuwa na wazimu mmoja mzuri: kila kipande cha silaha walikipiga nambari, na kwenye vipande vidogo walipiga tarakimu mbili za mwisho, hadi kwenye skrubu. Kwa hiyo bastola iliyovunjwa na kuungwa kwa vipande vya nyingine hujitangaza yenyewe. Mayasa alianza na silinda. Nne, moja. Nyundo: nne, moja. Kishikio: nne, moja. Skrubu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kila kichwa mfereji wake safi, hakuna bisibisi iliyowahi kuteleza. Miaka kumi na moja alikuwa akitazama machuma ya kubambikiwa, na sasa hii hapa, nzima, kila mwanafamilia yupo nyumbani.

Kisha akaja kwenye maandishi.

Mtu anayechonga chuma kwa mkono husukuma kipatasi. Mfereji wake huanza mwembamba, hushuka, hupanda tena, na chini huwa na ncha kali. Mifereji ya herufi hizi ilikuwa ya duara chini, kina kilekile mwanzo mpaka mwisho, kama barabara iliyopitiwa na greda. Hiyo ni mashine ya umeme, ile ya kuandikia majina kwenye vikombe vya mashindano na vibati vya shingoni mwa mbwa. Mayasa anayo moja mezani kwake Doornfontein, ya mtumba. Tena ngozi ya bastola ilikuwa na kahawia ya miaka mia, lakini ndani ya herufi chuma kilikuwa kinang'aa kama jino jipya.

"Bwana mwenyekiti," akasema, "bastola yako ni ya kweli. Maandishi haya hayajatimiza miaka kumi. Yangekuwa mtoto, yangekuwa darasa la tatu."

Lombaard akatabasamu kiwakili. "Wewe unaulizwa swali moja. Ni bastola ya jeshi la Kijerumani, ndiyo au siyo?"

"Ndiyo."

"Basi weka sahihi."

"Na maandishi?"

"Maandishi ni mambo ya familia yangu."

"Na Tanga ni mambo ya familia yangu."

Mwenyekiti akafunga sanduku polepole, kama mtu anayefunga mlango asiamshe mtoto. "Mama Mayasa, kiti kile mtu hupewa kwa kura. Na mkono uliopanda juu unaweza kupanda tena. Fikiri mpaka Jumamosi."

Jioni hiyo, nyumbani Berea, Mayasa alimsimulia Bushra yote. Binti huyu anaelewa Kiswahili chote na hujibu kwa Kiingereza cha Johannesburg, kama watoto wote wa jengo lile. Hapa namtafsiria, isipokuwa ule mguno wake ambao hauna tafsiri.

"Eish, Mama! Weka sahihi tu. Nani ataumia?"

"Bastola."

"Bastola haiumii, Mama. Kazi yake ni kuumiza."

"Hii ilikuwa nzima, Bushra. Miaka mia na arobaini, vita vikubwa viwili, hakuna aliyeipotezea hata skrubu. Halafu mtu mwenye digrii mbili anaichora tatuu kama mkono wa mvulana wa mitaani Hillbrow."

Bushra akakaa kitandani, akavua viatu vya kazini. "Miaka kumi na moja umekitaka kiti hicho. Mimi nilikuwa nakusubiri kwenye robot, taa za barabarani za pale chini, urudi na ndoo yako, unakumbuka? Weka sahihi hii moja. Ukishakaa vizuri ndipo uanze ukweli wako."

Mayasa alikuwa anachambua mchele. Hakuinua macho. "Hivyo hivyo ndivyo walivyosema waliomwahidi baba yako nyumba. Kwanza tukae vizuri. Wamekaa. Wamekaa vizuri sana."

Bushra akasogea, akaanza kumsaidia kuchambua mchele.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Hati ilikuwa tayari mezani, karatasi nene ya rangi ya maziwa, sahihi nne zimeshakauka. Lombaard akaisukuma mbele ya kiti cha tano, akaweka kalamu juu yake, kalamu ya dhahabu, akarudi nyuma hatua moja ili mwenye simu apige picha.

Mayasa akaisogeza kalamu pembeni. "Naomba daftari la maoni."

Minong'ono. Daftari lile ni kubwa kama mlango wa kabati na huwa halifunguliwi. Wathamini huweka sahihi kwenye hati wakaenda kunywa bia. Lakini lipo, na kanuni ya saba ipo. Miaka ya hamsini, Waingereza na Makaburu wa chama walikosana juu ya lugha ya kuandikia, na kwa vile wote walikuwa na silaha za kutosha, busara ikawalazimisha waandike hivi: kila mthamini ataandika maoni yake kwa mkono wake na kwa lugha yake mwenyewe, na maoni hayo hayatafutwa kamwe, wala mwandishi wake hatapigiwa kura mpaka yasomwe yote mbele ya wanachama. Waliposema lugha yake walikuwa na lugha mbili vichwani. Bahati mbaya vichwa havikuandikwa kwenye kanuni.

Mayasa akaandika. Dakika kumi, ishirini. Chai ikapoa. Mtu akakohoa. Akageuza ukurasa, akaandika tena. Alipomaliza akaligeuza daftari kuelekea kwa mwenyekiti, na mwenyekiti akaona kurasa mbili zilizojaa mwandiko mzuri wa shule za zamani za Tanga, ambamo neno pekee aliloweza kulisoma lilikuwa jina la babu yake, mara mbili.

"Hiki ni nini?"

"Maoni yangu. Kiswahili."

"Hii si lugha ya chama."

"Ni lugha yangu. Soma kanuni."

Pumphrey ndiye aliyesimama akaisoma, kwa sababu kitabu cha kanuni kilikuwa mbele yake. Alipofika kwenye "lugha yake mwenyewe" kuna mtu nyuma aliangua kicheko, akakigeuza kikohozi, hakuna aliyedanganyika.

"Vizuri," Lombaard akasema. "Tutafsirie."

"Haya." Mayasa akavuta daftari.

"Hapana!" Uwakili ulikuwa umemwamka. "Mwandishi hawezi kuwa mfasiri wake mwenyewe. Atabadilisha anavyotaka. Nataka mtu huru. Yule mlinzi wa getini, si anatoka huko huko?"

Kati ya Tanga na Lubumbashi kuna nchi nzima na ziwa zima, lakini kwa mwenyekiti huko huko ni sehemu moja yenye joto. Firmin akaitwa. Akaingia na kizibao chake cha kung'aa, kofia mkononi, akalitazama daftari, kisha akainama sikioni mwa Mayasa.

"Mama, minatafsiri yote? Hata hapa penye uliandika juu ya babu yake?"

"Yote, baba."

"Bon." Akavaa miwani ya kusomea ambayo hakuna aliyejua anayo. Akageukia wanaume thelathini na kuanza, sentensi ya Kiswahili kwanza, kwa sauti ya mhubiri, kisha Kiingereza chake. Maneno yenyewe yalikuwa haya:

"Mimi Mayasa binti Nassir, wa Ngamiani, Tanga, nimeitazama bastola hii kwa mchana mzima. Nambari zake zote zinafanana, hadi skrubu. Sijawahi kuona nzima kama hii, na nyinyi pia hamjawahi, maana mlizoziona niliwaonyesha mimi jikoni.

"Maandishi ya ubavuni ni ya mashine ya umeme. Aliyeyaandika simjui na siulizi. Umri wake ni wa mtoto wa darasa la tatu."

"Na ule mtoto alianguka mtihani," Firmin akaongeza kwa Kiingereza.

"Sikuandika hivyo," Mayasa akamkatiza.

"Pardon, Mama. Ilikuwa ndani ya roho ya maneno." Akaendelea.

"Novemba 1914 Waingereza walikuja Tanga kwa meli, na askari waliowatoa India. Walipigwa. Kisha nyuki wa Tanga wakatoka mizingani wakawamalizia, na hao hawakulipwa na mtu. Waliopanda tena melini waliacha ufukweni bunduki na risasi kwa masanduku, na Wajerumani ndio waliokuwa wakiokota. Siku ile ofisa wa Kijerumani hakuwa na sababu ya kumkabidhi mtu bastola yake. Alikuwa na kazi ya kukusanya za wengine. Wanajeshi wa Afrika Kusini walifika nchini kwetu mwaka 1916. Kwa hiyo Kapteni Lombaard, ili aiteke bastola hii Tanga tarehe hiyo, ilibidi aende peke yake, mapema kwa mwaka mmoja na zaidi, ashinde vita ambavyo upande wake ulishindwa, na asimwambie mtu.

"Kapteni Lombaard namheshimu. Huenda alikuwa shujaa mahali pengine. Tanga hakuwepo.

"Thamani. Bastola hii kabla ya kuchorwa ingenunua gari zuri. Ikiwa na uongo huu ingenunua nyumba, mpaka siku mnunuzi atakapofungua kitabu chochote cha historia. Sasa hivi, pamoja na jeraha lake, inanunua tairi nne. Mwenyekiti alikuwa na dhahabu, akaipaka rangi ya dhahabu. Siweki sahihi."

Firmin akafunga daftari, akavua miwani. "Voilà," akasema, akasimama kando kama aliyemaliza ibada.

Halafu mzee mmoja wa pembeni, kiziwi wa sikio moja, akauliza kwa sauti kubwa, "Nyuki? Amesema nyuki?" na ukumbi ukapasuka. Walicheka wanaume wale mpaka soksi zikashuka. Lombaard peke yake alibaki amesimama, uso umeiva kama nyanya, akigonga meza kwa kiganja.

Lakini kucheka na kupiga kura ni mambo mawili. Yalipokwisha kusomwa, kanuni ya saba ilikuwa imemaliza kazi yake ya kumkinga, na mwenyekiti aliijua vizuri kuliko wote. Akaitisha kura papo hapo: Mayasa Nassir aondolewe kwenye kiti kwa kukidhalilisha chama mbele ya mtumishi. Wanaume ambao dakika moja nyuma walikuwa wanafuta machozi ya kicheko wakaanza kuangalia dari. Kila mmoja alikuwa na sanduku lake nyumbani, na hadithi yake ndani ya sanduku, na ghafla kila mmoja alikumbuka kwamba mama huyu ana jicho. Mikono kumi na minne ya kumtoa, kumi na mmoja ya kumbakiza, wengine walikwenda chooni. Pumphrey aliinua mkono wa kumtoa, macho kwenye viatu vyake.

Mayasa akakusanya bisibisi zake, akazifunga kwenye kitambaa. "Nimetoka," akasema. "Kurasa zangu zimebaki. Kuzichana mnahitaji kubadilisha kanuni, na mkiulizwa sababu ya kuibadilisha mtalazimika kuzisoma tena."

Getini Firmin alimsindikiza mpaka kituo cha teksi. "Mama, pole ya kiti."

"Pole ya nini? Umesikia jina langu lilivyosomwa?"

"Hata babu yangu mimi angesikia, na alikufa siku mingi."

Hati haikutoka. Sahihi nne hazitoshi, na kuipata ya tano kulihitaji mtu akubali kukalia kiti kile na kuandika chini ya kurasa za Mayasa, kwenye daftari lilelile, kwamba yeye hakuona kitu. Watatu waliombwa. Mmoja alishikwa na mgongo, wa pili akasafiri Durban, wa tatu akasema waziwazi kwamba anaogopa kusomwa na Mkongo. Watu wa mnada Ulaya wakangoja, wakachoka, wakaacha kujibu barua. Bastola imerudi kwenye sanduku la mninga. Mayasa akiulizwa habari zake husikitika kweli, kama mtu anayeulizwa hali ya mgonjwa: "Maskini. Ilipona Wajerumani, ikapona Waingereza, ikaja kuumia Kensington."

Jumamosi ya kwanza ya mwezi uliofuata, Lombaard alikuwa bado anafungua kikao pale mlango uliposukumwa kwa kiti. Ni kiti cha plastiki, chekundu, cha zile spaza, viduka vya mtaani vya Doornfontein, kimesafiri ndani ya teksi kikiwa kimelipiwa nauli yake. Nyuma ya kiti, Mayasa. Akakivuta kwenye vigae vyote, kikilia njia nzima, akakiweka mwisho wa meza, pembeni mwa ule mgongo mrefu uliobaki mtupu. Akakaa.

"Mama Mayasa," mwenyekiti akasema, kila neno akilitafuna, "uliondolewa."

"Kwenye kile. Hiki changu. Uanachama nimelipa mpaka Desemba, na kanuni haisemi mwanachama akae wapi. Niliisoma yote, hata tanbihi zake."

Lombaard alimtazama Firmin kupitia dirisha. Firmin alikuwa akikagua kwa makini sana geti ambalo halikuwa na mtu.

Kikao kikaendelea, kwa kuwa kilikuwa hakina namna. Ulipofika muda wa chai, hakuna aliyekwenda kwenye chai. Mtu wa kwanza kusimama mbele ya kiti chekundu alikuwa Pumphrey, kisanduku kidogo amekikumbatia kifuani, masikio yamemwiva. Nyuma yake akasimama wa pili, nyuma ya wa pili akasimama yule kiziwi.

"Ulinipigia kura gani?" Mayasa akamuuliza.

"Ya kukutoa," Pumphrey akasema kwa sauti ya chini.

"Nilikuona. Fungua sanduku."

"Ningeomba tu... kama tungeweza kwenda kule jikoni, sisi wawili. Kama zamani."

"Jikoni nilikuwa naongea na waliokuwa hawajanijua. Kwa walionipigia kura ya kunitoa naongea hapa hapa, na kwa sauti." Akaipokea bastola, akafungua silinda, akamwonyesha mzee wa watu matundu matupu, akaigeuza mara moja tu chini ya dirisha. Kisha akajaza kifua pumzi ya kutosha ukumbi mzima.